Figa la Tatu

Pantaleo mwanangu,

Kama unasoma hapa, basi umeshaingiza mkono kwenye begi kutafuta kisu, ukakuta jiwe. Kaa chini kwanza. Naomba iwe bado ni asubuhi, mko uani kwa paroko mnasubiri baraka ya safari, na siyo kule mlimani, Msalaba Mfupi, huku Beatus amesimama mbele yako. Lakini hata kama ni Msalaba Mfupi, kaa chini. Beatus naye asubiri. Amesubiri miaka yote hii, hatashindwa kusubiri karatasi hizi za mama yako.

Kisu nimekiona. Ulikiviringisha kwenye fulana, ukakisukumia chini kabisa, chini ya sweta, ukadhani mama hatagusa sweta. We mtoto! Nani amekukunjia masweta tangu umezaliwa? Kisu cha marehemu baba yako, cha kuchinjia mbuzi wa Krismasi, ndicho unachokwenda nacho hija! Nilikaa kitandani kwako nimekishika. Nikataka kukufuata kwa kinyozi nikuzabe kofi mbele ya watu, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nilifika mpaka barabarani. Halafu nikarudi, maana nimekupiga makofi mengi, Panta, na sijaona hata moja lililokufundisha kuacha kupiga.

Ndiyo maana nakuandikia. Mimi na wewe hatuwezi kuongea. Neno la kwanza ni salamu, la pili ni swali, la tatu ni kelele, na kuku wote wameshakimbilia migombani. Sasa jua halijazama, wewe hujarudi, nami nimekaa kwenye kigoda cha jikoni naandika mbiombio. Mambo ya soksi na dawa ya tumbo sikuandikii, shangazi yako wa Tarakea atakupigia hizo kelele. Hija ikiisha wenzako watapanda magari kurudi nyumbani, wewe utabaki kwake kumsaidia duka la nafaka, na sijui nitakuona lini tena. Ninachotaka ni kimoja tu. Ufike Tarakea ukiwa huna damu ya mtu mikononi, na Beatus arudi kwa mama yake akiwa hai.

Jumapili mlipopigana kilabuni, watu walikuja kunihadithia wanakimbia, kila mmoja anataka awe wa kwanza. Kwamba Beatus alikuita mtoto wa mpiga mawe. Kwamba ulinyanyua benchi ambalo wazee walikuwa wamelikalia, mbege ikamwagika, ukampiga nalo mdomoni. Kwamba alitema jino, akajifuta damu kwa kiganja, akasema, "Tutaonana Msalaba Mfupi, mimi na wewe." Unajua kitu cha kwanza nilichosikia moyoni? Furaha. Nilifurahi, Panta! Nikajisemea, naam, huyo ndiye mwanangu. Nikaendelea kumenya ndizi za mtori. Baadaye kidogo nikaweka kisu cha ndizi chini, sikumenya tena.

Kwa sababu mimi ni mpiga mawe. Hilo unalijua, kijiji kizima kinalijua. Nilimpiga mama yako mdogo Genoveva, mama wa Beatus, jiwe kule juu kwenye Rundo la mawe la hija, jicho lake la kushoto likaharibika. Usilolijua ni kwa nini. Nilikuambia kwamba tulipofika Msalaba Mfupi alinitaja jina ili nife. Nikakuambia pale ndipo watu wanapotajwa ili mlima uwameze. Ukaamini, wewe ulikuwa mtoto na mimi ndiye mama yako. Halafu kila mwaka wiki ya hija ikifika nikakutafutia kazi shambani, usije ukaenda ukajionea mwenyewe. Kesho unakwenda kwa mara ya kwanza, na kisu, kwa ajili ya maneno yangu yale. Ni uongo, mwanangu. Nitakueleza ilivyokuwa.

Ilianzia kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba la urithi. Babu yako alipokufa aliwaachia wanawe kihamba kimoja kigawanywe mara mbili, huku baba yako Proches, kule baba yako mdogo Apolinari, mumewe Genoveva, katikati mstari wa isale, yale majani marefu ya mpakani. Kwetu isale ni mpaka, na isale ni msamaha. Ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani lake, unampelekea, na akishaliona hana ruhusa ya kukataa. Sasa Apolinari akaanza maneno. Eti isale zimesogea upande wake. Eti mimi mwanamke wa kuja ndiye ninayezisogeza kidogo kidogo nikipalilia. Mimi! Sikuwa nimezisogeza hata kidogo, Mungu shahidi. Na kwa vile sikuwa nimezisogeza, asubuhi moja nilitoka na jembe nikazing'oa zote. Nikazitupa kwenye mfereji, nikamwambia, haya, sema sasa zimesogea wapi.

Hasira zangu ziko hivyo. Nikisingiziwa kosa, nafanya kubwa kuliko lile nililosingiziwa.

Apolinari akaja na panga. Hakunigusa mimi, aliigusa migomba yangu. Alifyeka upande mzima, mmoja baada ya mwingine, na mikungu yake michanga inaanguka na kupasuka, utomvu unamrukia usoni, na yeye analia huku anafyeka. Mimi namrushia mabonge ya udongo na matusi ambayo siwezi kuyaandika. Baba yako akakimbia kumshika mkono mdogo wake, panga likamkata yeye. Lile kovu la mkono wake, ulilokuwa ukilipapasa ukiwa mdogo ndipo usinzie, ndilo hilo. Siyo mti wa mbao uliomkata, kama alivyokuwa akikuambia. Alikaa chini kwenye majani, damu inampita vidoleni, akaniangalia mimi, siyo mdogo wake. Akasema, "Umeng'oa isale, Honorata. Siku ukitaka kuomba msamaha utapeleka nini? Sukuma wiki?"

Nilicheka. Naona aibu kukuandikia, lakini nilicheka.

Tangu siku ile nyumba mbili hazikusalimiana. Wanaume walinuna tu, sisi wanawake ndio tuliopigana. Genoveva akipita kuchota maji, mimi namwaga maji machafu njiani. Mbwa wake akafa, watu wakasema mimi, na sikukataa ingawa siyo mimi. Ndama wangu akavunjwa mguu, nikasema yeye, na nilijua kabisa alianguka mwenyewe kwenye mtaro. Na wewe Panta ulikuwa unakula ugali wako mezani unasikia yote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikiona unavyokunja ngumi sina haja ya kuuliza umejifunza kwa nani.

Basi mwaka ule tukaenda hija, mimi na yeye katika kundi moja. Nikuambie njia ilivyo, maana kesho utaipita. Kila mtu anatoka na jiwe la nyumbani kwake, kutoka kihambani, analibeba mwenyewe kuuzunguka mlima mpaka Rombo. Njiani kuna sehemu mbili za kusimama. Ya kwanza ni ule mwamba unaotiririka maji mwaka mzima, wanauita Mama Analia. Pale unaokota kokoto, unaliacha kwa ajili ya marehemu wako. Msalimie baba yako pale. Ya pili ni Msalaba Mfupi, msalaba wa chuma uliopigwa na radi ukabaki kipande. Pale unaacha kokoto la pili na kumtaja kwa sauti mtu mliyekosana naye. Wenzako wanaimba kwa nguvu wasisikie, hiyo ni heshima. Kumtaja maana yake umemwachia. Umemsamehe, au unamwomba akusamehe, vyovyote mtakavyojua ninyi wawili. Hakuna anayetajwa pale ili afe. Halafu kule juu, karibu na Tarakea, ndilo Rundo lenyewe, mawe ya wazee kwa wazee. Kuanzia Msalaba Mfupi jiwe la nyumbani haliwekwi begini, linashikwa kwa mikono miwili, unainama, unaliweka. Halirushwi. Na jiwe lililokwishawekwa halitolewi.

Pale Msalaba Mfupi zamu ya Genoveva ilifika. Watu wanaimba. Ubeti ukaisha, wakavuta pumzi, na ndani ya ukimya ule mdogo, yule mwanamke ambaye hajui kunong'ona akasema, "Honorata wa Proches."

Parokia nzima ilisikia. Wakaanza ubeti mwingine haraka, lakini macho yao yote yako kwangu, wengine wanatabasamu, wamefurahi kwa ajili yetu, masikini. Na mimi nikawaka. Kunisamehe mimi? Nani kamwambia nina kosa? Aliyefyeka migomba ni mume wake, aliyekatwa mkono ni mume wangu, leo yeye ndiye anayejifanya mtakatifu mbele ya watu, mimi nibaki na deni! Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu. Nilitembea nalo jina langu lile kifuani siku nzima, sikula, sikulala, kila aliyenipa mkono nikaona ananicheka.

Tulipopanda Rundo alikuwa mbele yangu. Aliinama, akaweka jiwe lake, jeusi, la mfereji wetu, upande mmoja bapa. Akageuka akaniona. Akanyoosha mikono yote miwili, Panta, anataka kunikumbatia, akasema, "Dada, tuyaache hapa."

Nililiachia la kwangu, nikashika lilelile jiwe lake. Lilikuwa bado lina joto la mikono yake. Nilimpiga nalo usoni.

Sauti ile sitakuandikia. Alianguka chali juu ya mawe, mengine yakaporomoka juu yake, na nikainua tena. Hilo la kuinua tena hulijui, hakuna aliyekuambia. Wanaume wawili wakanivuta kwa nyuma kwa kanga, nikawauma mkono. Mwanamke wa kwaya alikuwa anapiga kelele, "Jamani, juu ya Rundo! Juu ya Rundo!" kana kwamba chini ya Rundo ingekuwa sawa. Genoveva hakupiga kelele. Alikuwa ameweka kiganja juu ya jicho na damu inamtoka katikati ya vidole, anauliza, "Nani amenipiga? Nani amenipiga?" Alikuwa amelala palepale ananitazama, na bado hakuamini.

Niliteremka mlima nimelishika jiwe. Sikujua nimelishika. Nilijua nilipofika chini na mtu akajaribu kunifumbua vidole.

Nilingoja polisi waje. Hawakuja. Hospitali walimuuliza Genoveva, akasema amejikwaa. Wakamuuliza tena mbele ya mumewe, ambaye alikuwa anataka nifungwe, akasema, "Nilijikwaa, mawe yalikuwa yanateleza." Mpaka leo ndivyo anavyosema. Wewe ungekulia kwa nani, kama angesema vingine? Baba yako mkono wake mmoja ulikuwa haukunjiki vizuri. Fikiria hilo kabla hujamwita yule mama jina lolote.

Baba yako hakunipiga, hakunifukuza. Aliniona naingia na lile jiwe nimelifunga kwenye kanga, akasema, "Hilo halilali ndani ya nyumba yangu." Nami kwa kiburi nikalipeleka jikoni nje. Figa moja lilikuwa limepasuka. Nikaliondoa, nikaliweka hili mahali pake. Ndiyo, Panta. Ulikuwa ukiniuliza kila siku kwa nini chungu chetu kinainama upande mmoja, kwa nini nisitafute figa jingine linalolingana na yale mawili. Nilikuwa nakuambia tulia ule. Mtori wote uliokula, maharage yote, maji yote ya kukuogesha, yalichemkia juu ya jiwe la Genoveva. Nilidhani moto utalimaliza. Halikupasuka hata ufa.

Apolinari akafa, baba yako naye akamfuata. Wamelala pande mbili za mpaka uleule, wamenyamaza, na isale zinaota vizuri kwenye makaburi yao. Tumebaki wajane wawili na watoto wawili. Beatus amekua akimshika mama yake mkono kumvusha barabara upande wa jicho bovu, kila siku anapita mbele ya geti letu. Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningeshachoma hii nyumba zamani. Yeye ameniita mpiga mawe tu, tena ni jina langu la haki.

Na sasa nikuulize jambo. Umejuaje kwamba Beatus alikuwa anakutishia? Amekwenda hija kila mwaka na mama yake. Anajua Msalaba Mfupi ni mahali pa kufanya nini. Mtu ana jino mkononi, mdomo umejaa damu, anakuambia tutaonana pale. Labda alimaanisha ngumi. Sijui. Lakini labda alikuwa anakuambia kwamba atakutaja, kama mama yake alivyonitaja mimi, na wewe ukasikia kifo kama mimi nilivyosikia dharau, ukaenda kutafuta kisu. Loo, Panta, nimekaa hapa nafikiria hilo moja tu.

Sikuhubirii. Sina mdomo huo. Padri anasema geuza shavu la pili, mimi katika maisha yangu sijageuza hata kisogo. Hasira haikunitoka. Hata leo Genoveva akikohoa kule ng'ambo, tusi linanijia mdomoni kabla sijakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Nilichojifunza ni kidogo: kwamba ile hasira inapokuja inasema ina haki, na mara nyingi haki inayo kweli, na bado jicho la mtu halirudi. Ungeniona usiku ninavyofumba jicho langu la kushoto na kutembea humu jikoni nikigonga vitu, nijue inakuwaje. Nimefanya hivyo mara nyingi. Haisaidii chochote.

Kisu kiko kwangu. Leo nimekitumia kwa kazi moja. Nimekwenda kwenye kaburi la baba yako nikakata isale, kwa sababu za mpakani nilizing'oa mwenyewe. Nilimwambia, haya Proches, siyo sukuma wiki. Nililia mpaka jirani akachungulia. Jani nimelifunga fundo, ndilo hilo limezungushwa kwenye jiwe. Usilifungue.

Jiwe nimelisugua kwa majivu na maji, lakini masizi hayatoki, usiniulize. Libebe. Mimi siwezi kulirudisha, Panta. Aliyelitoa jiwe kwenye Rundo hawezi kulirudisha kwa miguu yake, ndivyo wazee wanavyosema, lazima alibebe mtu wa damu yake, na awe amekubali mwenyewe. Hukubali, liache kwenye ngazi ya kanisa uende zako, nitalikuta. Sitakulaumu. Ila ukikubali, usiliweke begini. Libebe kwa mikono miwili tangu Msalaba Mfupi, kifuani, kama wanavyobeba wote. Ni zito, utaona. Mtu aliyeshika jiwe kwa mikono miwili hana mkono wa kupigia.

Utamtafuta mama yako mdogo. Atakuwa nyuma, huwa anatembea taratibu kwa sababu ya mawe ya kushoto asiyoyaona. Mwamkie shikamoo kwanza. Mwambie, "Mama mdogo, jiwe lako hili. Mama amelirudisha." Usiongeze neno, usinitetee. Atalijua kwa ule upande bapa. Akipokea, aliweke yeye, lilikuwa lake. Asipopokea, wanasema isale haikataliwi, lakini mimi nilikataa mikono yake miwili, kwa hiyo naye ana ruhusa. Liweke miguuni pake urudi nyuma. Na Beatus akikupiga, basi, mwanangu, usimrudishie. Najua ninaloliomba. Mimi nisingeliweza, nakuomba wewe.

Naona kivuli kimefika mlangoni, utarudi sasa hivi na kichwa kimenyolewa, utaniuliza mbona hakuna chakula, nami nitakuambia kuna mkate na chai ya chupa, na utanuna. Ndiyo chakula chako cha mwisho nyumbani, nisamehe. Chungu kimegoma kukaa. Nimekijaribu mara mbili juu ya mafiga mawili, kikaanguka mara mbili, maharage yote yako kwenye majivu.

Mwambie Genoveva jambo la mwisho, kama atakuwa ameshika jiwe lake na hajakufukuza. Akirudi, apite mfereji upande wake wa kihamba, achague jiwe lolote analotaka yeye, hata baya, hata lisilolingana. Aje nalo. Mimi sitatafuta figa jingine. Nitakuwa hapa jikoni, moto haujawashwa, nikisikiliza nani anakuja.

Mama yako,
Honorata